Gede Mezani: Namna Mchezo Huru Unavyofunguliwa na Kuundwa Upya

Mchezo wa kuigiza wa mezani huchezwa kwa mazungumzo. Wachezaji huketi pamoja, hutunga hadithi, na pale ambapo mazungumzo hayatoshi kuamua, huachia dadu au karata ziamue. Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ndio uliotangulia sokoni na bado ndio unaojulikana zaidi. Pembeni yake imekua michezo huru: vijitabu vinavyoandikwa na mtu mmoja au wawili na kuuzwa na waandishi wenyewe.

Michezo hii ina sifa moja inayomfaa mtu anayependa kuchokoa vitu: ni mifupi kiasi kwamba mtambo wote unaonekana. Lasers & Feelings wa John Harper, wa mwaka 2013, ni ukurasa mmoja. Kila mhusika ana nambari moja tu, kuanzia 2 hadi 5. Kazi ya akili na mitambo hufaulu dadu ikionyesha chini ya nambari hiyo. Kazi ya maneno na hisia hufaulu ikionyesha zaidi yake. Aliyechagua 5 ni fundi hodari na msemaji dhaifu, na hakuna namna ya kuzidisha upande mmoja bila kupunguza mwingine. Dai hilo kuhusu tabia ya binadamu halikuandikwa katika hadithi. Limo ndani ya hesabu. Kwa sababu hiyo, kuupa mchezo majina ya Malindi au Kilifi hakutoshi kuuhamishia huko. Kinachopaswa kuhamishwa ni kanuni.

Mfano mzuri wa kazi hiyo ni The Quiet Year wa Avery Alder, wa mwaka 2013, ukijaribiwa juu ya mji wa kale wa Gede katika kaunti ya Kilifi.

Mtambo wa asili

The Quiet Year hauna wahusika wa kudumu wala msimulizi mkuu. Wachezaji wawili hadi wanne huchora ramani ya jamii moja iliyotoka kuwafukuza maadui na sasa ina takriban mwaka mmoja wa utulivu. Karata 52 ni wiki 52. Kopa ni majira ya kuchipua, uru ni majira ya joto, pau ni majira ya majani kupukutika, na shupaza ni majira ya baridi. Kila rangi huchangwa peke yake, kisha marundo manne hupangwa juu kwa juu kufuata majira.

Anayeshika zamu hufunua karata, huchagua mojawapo ya maswali yake na kulijibu. Dadu zote zilizowekwa juu ya ramani hupunguzwa nambari moja, kwa kuwa kila dadu ni kazi inayoendelea na nambari yake ni wiki zilizobaki. Kisha mchezaji hufanya jambo moja kati ya matatu: hugundua kitu kipya, huanzisha kazi, au huitisha mjadala. Katika mjadala kila mtu husema mara moja tu, kwa sentensi moja au mbili, na hakuna uamuzi unaotolewa. Aliyeona amepuuzwa huchukua kete ya kinyongo na kuiweka mbele yake, ili wote waione.

Mfalme wa shupaza akifunuliwa, mchezo umekwisha hapo hapo. Wachungaji wa Jalidi wamefika, na kitabu hakielezi ni akina nani.

Hesabu ya mwisho

Mfalme wa shupaza anaweza kuwa popote katika karata 13 za mwisho, kwa hiyo mchezo huisha kati ya wiki ya 40 na ya 52, na kwa wastani katika wiki ya 46. Uzito wa hesabu hii huonekana kwenye dadu za kazi. Kazi ya wiki 6 ikianzishwa katika wiki ya 40 itakamilika tu ikiwa mfalme yuko kati ya nafasi ya 47 na ya 52, yaani nafasi 6 kati ya 12 zilizobaki. Ni nusu kwa nusu. Kazi ya wiki 4 ina nafasi 8 kati ya 12, sawa na theluthi mbili. Jamii hulazimika kuchagua kati ya ukuta mkubwa ambao huenda usiishe na paa dogo ambalo huenda likaisha, na kanuni haikuhitaji kusema neno "hofu" hata mara moja.

Nguzo za mtambo huu basi ni tatu: kalenda inayosonga bila kumngoja mtu, mwisho wa hakika usiojulikana saa yake, na mjadala usioamua chochote. The Deep Forest wa Mark Diaz Truman na Avery Alder, uliotoka mwaka 2014, ulithibitisha kwamba nguzo hizo zinaweza kubeba hadithi nyingine. Humo jamii ni ya mazimwi waliowafukuza binadamu walioitwaa ardhi yao. Mtambo ni ule ule, lakini maswali ya karata yamegeuka, na pamoja nayo mtu ambaye mchezaji anamtetea.

Malighafi ya Gede

Gede uko kusini mwa Malindi, karibu na Watamu, kilomita chache kutoka baharini. Mji ulianza karne ya 11 au ya 12, ukastawi sana katika karne ya 15, na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ulizungushiwa kuta mbili, ya nje na ya ndani. Ndani mlikuwa na Msikiti Mkuu, jumba la mtawala, na nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Sababu za kuhamwa kwake zinazotajwa na wanahistoria ni kadhaa: kushuka kwa maji ya visima, uvamizi wa Wazimba waliopanda pwani hadi Malindi mwaka 1589, kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini, na kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi chini ya Wareno katika miaka ya 1590. Kwa mtunzi wa mchezo, wingi huu wa sababu ni mali. Mji ambao watu wake waliondoka, na ambao hauna jibu moja la kwa nini, unalingana na mchezo wenye mwisho usioelezwa.

Badiliko la kwanza: kalenda

Majira manne ya kitabu hayako pwani ya Kenya. Mpangilio unaofaa ni masika kwa kopa, kusi kwa uru, vuli kwa pau, na kaskazi kwa shupaza. Kaskazi huwekwa mwisho kwa sababu mbili zinazokutana. Ndiyo miezi ya jua kali baada ya vuli, maji ya visima yanapopungua. Na ndio upepo ulioleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kiu na wageni hufika pamoja.

Kutokana na pepo huzaliwa kanuni ambayo kitabu cha asili hakina: mgeni wa baharini huingia kwenye ramani wakati wa kaskazi tu, na hawezi kuondoka mpaka kusi. Wageni wa mwaka uliotangulia basi huwamo mjini mchezo unapoanza katika masika, wakingoja bahari iwaruhusu, na lazima walishwe. Ramani nayo isichorwe na bandari mlangoni. Bidhaa za Gede zilitegemea njia ya kufikia maji, kama hori ya Mida, na njia inaweza kufungwa.

Orodha ya neema na uhaba, yaani vitu ambavyo jamii inavyo tele na vile inavyokosa, huhitaji uangalifu wa aina yake. Muhogo, mahindi na korosho, vinavyoonekana leo kila upande wa Kilifi, asili yake ni Amerika na vilifika pwani katika enzi ya Wareno. Mchezo wa Gede hauwezi kuvichukulia kuwa chakula cha siku zote. Mtama, nazi, samaki, ng'ombe, boriti za mikoko, pembe na nguo vinatosha.

Badiliko la pili: mwisho

Mfalme mmoja anayetokea ghafla anafaa kwa uvamizi. Hafai kwa kisima kinachokauka, ambacho huonya kabla ya kuua. Suluhisho la kwanza linalokuja akilini ni kuchanganya wafalme wote wanne katika rundo zima na kumaliza mchezo wa nne anapotokea. Hesabu inalikataa. Wastani wa mwisho hushuka hadi wiki ya 42 hivi, jambo linalovumilika; lakini michezo kama 30 katika kila 100 huisha kabla ya karata ya 40, yaani kabla kaskazi haijaanza. Wageni hawatakuja kamwe, na kanuni ya pepo itakuwa imeandikwa bure.

Suluhisho bora huacha marundo yalivyo na kumpa kila mfalme kazi. Mfalme wa kopa, wa uru na wa pau, kila mmoja anapotokea, kisima cha mji huchimbwa zaidi: dadu ya wiki 3 huwekwa juu yake, na mpaka iishe hakuna anayeruhusiwa kuanzisha kazi nyingine. Mfalme wa shupaza hukata maji. Mwisho unabaki kati ya wiki ya 40 na ya 52, na wastani unabaki 46. Hakuna uwezekano uliobadilika. Kilichobadilika ni kwamba mji umelipa gharama ya mwisho wake mara tatu kabla haujafika, na alama zake ziko kwenye ramani.

Badiliko la tatu: baraza na majina

Mjadala usio na uamuzi unaweza kuonekana mgeni mahali ambapo wazee hukaa barazani, au katika kambi, yaani baraza la wazee wa kaya za Wamijikenda, wakazungumza mpaka wakubaliane. Kishawishi ni kuubadilisha uwe wa makubaliano. Hilo huvunja nguzo ya tatu, kwa sababu kete za kinyongo huishi katika pengo lililopo kati ya kusema na kusikilizwa. Njia ya kati ni kumpa kila mchezaji mtaa: mmoja ndani ya ukuta wa ndani, mwingine kati ya kuta mbili, mwingine nje kabisa. Mjadala unabaki bila uamuzi, lakini kinyongo sasa kina anwani, na mchezo unasogea hatua moja karibu na uigizaji wa wahusika.

Kirkman na wenzake waliziita nyumba kadhaa za Gede kwa vitu vilivyokutwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Hapo pana kanuni ya kufunga mchezo. Wakati wa kucheza, nyumba hutajwa kwa mwenyewe. Mfalme wa shupaza akishatoka, kila mchezaji hufuta jina moja la mtu kwenye ramani na kuandika jina la kitu kilichoachwa. Kwa kuwa wote wanajua hili tangu mwanzo, kila karata inawasukuma kutaja vyombo, vito na zana za watu wao.

Kupima na haki

Mabadiliko hupimwa moja moja. Toleo la majaribio hutumia karata 5 za kila rangi, mfalme akiwa mmojawapo, na humalizika kwa kikao kimoja. Kanuni ya pepo huchezwa peke yake kwanza, kisha visima, kisha mitaa. Swali la kuuliza kila mara ni kama kuna uamuzi ambao wachezaji waliufanya kwa sababu ya kanuni hiyo. Kama haupo, kanuni hiyo ni pambo na hutolewa.

Kwa upande wa sheria, mkataba wa TRIPS kuhusu haki miliki, unaoifunga Kenya kama mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1995, hulinda maandishi na namna ya kueleza, wala si mawazo, taratibu au mbinu za utendaji. Kalenda ya karata 52, dadu za kazi na kete za kinyongo ni taratibu. Maswali yaliyochapishwa kwenye kitabu cha Alder, mpangilio wake na michoro yake ni mali yake. Mtunzi wa mchezo wa Gede huandika maswali yote upya kwa Kiswahili, hutaja mchezo alioufungua, na huomba ruhusa kabla ya kutumia sentensi yoyote ya asili.