Ufundi wa Kuisaka IgE

Nchini Kenya, ukitoka Mumbuni ukaelekea kaskazini, upande wa Kangundo, kuna kijiji kiitwacho Iietune. Miaka ya 1980 watafiti walikuwa wakienda huko kupima choo na damu ya watoto wa shule. Walichunguza kichocho cha tumbo, ugonjwa unaomwingia mtoto mtoni anapooga au kuchota maji. Watoto walitibiwa, kisha wakafuatiliwa. Baadhi yao waliambukizwa tena upesi. Wengine, ambao nao waliingia majini, hawakupata minyoo kwa wingi. Watafiti hawakukisia jambo hilo. Waliweka watu kando ya maji, wakaandika nani kaingia na alikuwa akifanya nini. Tofauti, basi, ilikuwa ya kutafutwa ndani ya damu.

Kutafuta ndani ya damu kunahitaji kitendanishi, na hicho ndicho ninachokisifu hapa: kingamwili ya monokloni, iliyotengenezwa ili itambue kingamwili za binadamu.

Kingamwili zetu, yaani immunoglobulini, ni za makundi matano: IgG, IgA, IgM, IgD na IgE. IgG peke yake ina matawi manne, na sehemu zinazoyatofautisha ni chache mno, kwani kwa zaidi ya asilimia 90 minyororo yao mizito inafanana. IgE nayo ni haba. Katika damu ya mtu asiye na minyoo wala mzio, IgG huizidi IgE mara maelfu mengi. Kwa hiyo kitendanishi cha IgE kikipotoka hata kidogo, kikashika IgG moja tu katika kila elfu, rangi utakayoiona ni ya IgG, na jibu lako ni la uongo.

Kabla ya kingamwili za monokloni kazi hii ilitegemea sungura. Mwaka 1945 Robin Coombs na wenzake, Uingereza, walitumia seramu ya sungura aliyedungwa protini za binadamu ili kuzinasa kingamwili zilizojibandika kwenye chembe nyekundu za damu. Kipimo cha Coombs kingali kinatumika katika benki za damu, nami nakiheshimu. Ila seramu ya sungura ni mchanganyiko, na sungura akifa, mchanganyiko ule ule haupatikani tena.

Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wakiwa Cambridge walipata njia ya kutengeneza kingamwili za monokloni. Panya hudungwa protini inayotakiwa, kisha wengu wake hutolewa. Seli za wengu huunganishwa na seli za saratani, ambazo hazichoki kuzaana. Mchanganyiko hugawanywa katika vishimo vya sahani vyenye chakula maalumu: seli za saratani zisizoungana hufa kwa kukosa kimeng'enya fulani, na za wengu hufa zenyewe baada ya siku chache. Hubaki zile zilizoungana tu.

Hapo ndipo uvumilivu unapoanza. Kila kishimo chenye seli hai hupimwa dhidi ya IgE, kisha dhidi ya IgG, IgA na IgM. Karibu vyote hutupwa. Anayechambua ndengu kwenye ungo anajua kwamba jiwe lenye rangi ya ndengu ndilo linalovunja jino. Fundi wa maabara naye anaogopa zaidi kingamwili inayokaribia kuwa sahihi. Akiipata nzuri, huzimua seli mpaka kila kishimo kiwe na seli moja, azikuze, apime upya. Seli zilizoungana zina tabia ya kupoteza kromosomu, na ile uliyoitegemea inaweza kuacha kutoa kingamwili. Ikidumu, hugandishwa katika naitrojeni kimiminika, na miaka kumi baadaye bado itatoa kitu kile kile. Mwaka 1985 maabara mbalimbali, chini ya Shirika la Afya Duniani na muungano wa vyama vya kinga, zililinganisha kingamwili za namna hii za matawi ya IgG. Mojawapo, HP6025, inayotambua IgG4, inatumika hadi leo.

Matumizi yake nayo yana adabu. Sahani ya vishimo 96 hupakwa protini za mnyoo, hutiwa seramu ya mtoto, huachwa, huoshwa. Hufuata kitendanishi, kisha kuoshwa tena kwa makini, maana tone lililosahaulika ukingoni huharibu hesabu. Mwishoni hutiwa dawa ya rangi. Kishimo chenye kingamwili hubadilika kuwa buluu, na asidi ikiingia huwa njano.

Kwa vipimo vya aina hii, kundi la Anthony Butterworth, David Dunne na John Ouma wa Wizara ya Afya ya Kenya lilieleza mwaka 1987 kwamba watoto wadogo wana kingamwili zinazozuia kinga isifanye kazi. Mwaka 1992 likaonyesha kwamba wenye IgE nyingi dhidi ya mnyoo aliyekomaa hawaambukizwi tena kwa urahisi.

Mwalimu wa biolojia wa Mumbuni anayetafuta mfano wa kinga ya mwili asiuendee mbali. Awafundishe wanafunzi habari za Iietune, na awaeleze pia jinsi kitendanishi kile kilivyopatikana.