Dada Zake Frank

Karibu kila anayemwandika Frank Humplick huanza na marufuku. Tunaambiwa kwamba miaka ya 1950, TANU ikiwa inaenea nchini, mwanamuziki huyu wa Moshi alitoa wimbo uliogusa uhuru wa Tanganyika na majirani zake, na serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku. Kisa hicho kinastahili kusimuliwa. Ila kimenichosha kidogo, kwa sababu kinatufanya tumheshimu Frank bila kumsikiliza.

Frank alizaliwa Moshi mwaka 1927, baba Mzungu na mama Mchagga. Alipiga gitaa, akatunga, akaimba na dada zake wawili, Thecla na Maria Regina. Moshi yao haikuwa imejificha nyuma ya migomba. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa mlimani waliunda ushirika wao, KNCU. Watu, bidhaa na nyimbo za mbali zilikuwa zikiingia na kutoka kila siku.

Santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kwa kila upande, kwa hiyo mtunzi hakuwa na nafasi ya porojo. Anayekuja kwa Frank akitokea kwenye muziki wa dansi wa miaka ya 1970, wenye magitaa yanayojibizana kwa muda mrefu, atashangaa jinsi mambo yanavyokwisha upesi. Gitaa linafungua mlango, sauti zinaingia, habari inasemwa, basi.

Ni namna sauti hizo zinavyoingia ndiyo inayonirudisha kwao. Tumezoea kiongozi aimbe na wengine waitikie. Hapa mara nyingi kaka na dada wanatembea pamoja, neno kwa neno, kila mmoja kwenye ngazi yake. Matokeo yake ni kwamba katika wimbo wa mapenzi huwezi kujua "mimi" ni nani. Malalamiko ya mwanamume mmoja yanatoka pia kwenye vinywa vya wanawake wawili, na huzuni inakuwa ya nyumba nzima. Sauti zao zinafanana kama zinavyofanana za ndugu waliolelewa chini ya paa moja, hivyo hakuna anayelazimika kupaza yake ili asikike.

Si kila wimbo wao una uzito. Kuna ambazo maneno yake ni mepesi, yanabebwa tu na utamu wa sauti. Lakini utamu huo ni kazi ya watu watatu, na historia imemhifadhi mmoja. Kuwaita "Frank na dada zake" kumewafanya Thecla na Maria Regina waonekane wasindikizaji. Ondoa sauti zao, utabaki na mpiga gitaa mzuri, na wapiga gitaa wazuri Afrika Mashariki haikuwakosa.

Kisha kuna nyimbo walizoimba kwa Kichagga. Mimi ni wa kizazi kinachosalimiwa na bibi kwa Kichagga na kumjibu kwa Kiswahili. Nikizisikiliza nashika neno hapa na pale, mengine yananipita. Hata anayekijua vizuri anaweza kukwama, maana Kivunjo si Kimachame, na Kirombo ni habari nyingine. Wimbo uliopigwa marufuku una watetezi wengi, kwa kuwa taifa linauhitaji. Hizi za Kichagga zinawategemea wazee wachache wanaoweza kukaa nasi na kutueleza kwa nini mstari fulani unachekesha.

Frank alifariki mwaka 2007. Rekodi hizo zimechapishwa upya nje ya nchi, na leo unaweza kuzisikiliza kwenye simu ukipanda Marangu kwa daladala. Nashukuru. Ila anayesafisha mikwaruzo ya santuri hawezi kutusafishia maana. Kazi hiyo ni yetu, na haihitaji mfadhili: mpigie bibi wimbo mmoja, mwulize maneno, yaandike, kisha weka majina yote matatu juu ya karatasi.