Jicho la Gugu Maji

Anayetoka Buhongwa kupitia Usagara hadi mwalo wa Kigongo wa Ziwa Victoria atakuta ua zuri kuliko mengi yanayouzwa mjini, nalo wavuvi hawalitaki. Ni ua la gugu maji. Lina petali sita za zambarau hafifu, na ile ya juu ina doa la njano lililozungushiwa buluu, mithili ya jicho la unyoya wa tausi.

Picha yangu ninayoichambua imejengwa juu ya doa hilo. Ukisogeza lenzi ya makro hadi ua liingie kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, na tundu la lenzi likiwa f/8, sehemu inayotoka kali ina kina cha kama milimita 1 tu. Ningeweza kubana hadi f/16 nipate zaidi. Sikutaka. Fokasi yote nililipa doa, petali nyingine zikafifia ukunguni, na anayeitazama picha hapati pengine pa kupumzisha macho. Hapo ndipo wasiwasi unapoanzia.

Mwanga ni wa asubuhi, kabla upepo haujaamka, na unatoka ubavuni ili mishipa ya petali ijichore. Nilipunguza mwanga kwa stopu moja. Maji ya nyuma yakawa karibu meusi.

Mjerumani Karl Blossfeldt, katika kitabu chake cha mwaka 1928, alikuza mimea hadi mara 30 mbele ya mandhari tupu. Maumbo yakapata utukufu wa ajabu, na ninamheshimu. Lakini gugu maji likitengwa na ziwa linakuwa pambo tu, na pambo ndilo lililotuponza: watu walilitoa Amerika Kusini wakalisambaza duniani kupamba mabwawa, kwa ajili ya ua hili hili. Ziwa Victoria lilifikiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Gugu likipata hali nzuri huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, nalo liliziba mialo na kukwamisha mitumbwi. Kwa hiyo kwenye kona ya chini niliacha jani lenye makovu ya mbawakavu wa Neochetina, walioletwa ziwani miaka ya 1990 walile. Bila jani lile picha ingedanganya.

Ukienda kujaribu, simama juu ya mawe au piga ukiwa mtumbwini, usiingie majini, maana konokono wa kichocho hujificha kwenye gugu hilo. Na usilibebe gugu kulipeleka kwenye bwawa la nyumbani.