Ustadi wa Kuisoma Tofauti

Katika mashamba ya maharage ya Tarakea, wilayani Rombo, ambako ardhi hushuka kutoka msitu wa Kilimanjaro kuelekea mpaka wa Kenya, vipande viwili vinavyopakana huweza kutofautiana kwa rutuba na unyevu, hivyo anayelinganisha mbegu mbili hawezi kuridhika na gunia moja la ziada. Hapo ndipo unapohitajika ustadi wa kukadiria tofauti kati ya wastani wa kundi moja na wa jingine, ustadi unaostahili sifa kwa kuwa humlazimu mtaalamu kutaja anachokijua pamoja na kikomo cha kujua kwake.

Uchukuliwe mfano wa kubuni, ambamo kila mbegu imepandwa kwenye vipande 10 vilivyogawiwa kwa kura, wastani wa mavuno ukawa kilo 420 na 375 kwa ekari, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi mavuno yanavyotawanyika kuuzunguka wastani, ukawa kilo 80 kwa kila mbegu. Tofauti ni kilo 45, lakini masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani upeo wa tofauti zinazopatana na vipimo hivyo, huanzia kilo 30 chini ya sifuri hadi 120 juu yake. Kwa kuwa sifuri imo ndani, haijathibitika kwamba mbegu ya kwanza huizidi ya pili. Wala haijathibitika kwamba zinalingana, maana hata ziada ya kilo 100 imo. Vipande vikiwa 40 kwa kila mbegu, na mengine yakabaki vile vile, masafa husinyaa yakawa kilo 9 hadi 81, kwani kazi ikiongezeka mara nne upana hupungua kwa nusu hivi.

Jerzy Neyman, mwanahisabati wa Poland aliyeieleza nadharia ya masafa ya uhakika kwa kina mwaka 1937, alisisitiza kwamba asilimia 95 ni sifa ya njia: jaribio likirudiwa mara nyingi, masafa takriban 95 katika kila 100 yataibeba tofauti halisi. Vilevile, katika vipande 40, masafa ya kila mbegu peke yake, 394 hadi 446 na 349 hadi 401, yanapishana kidogo, ilhali masafa ya tofauti yenyewe hayaigusi sifuri. Ndiyo maana tofauti husomwa kwenye masafa yake yenyewe.

Iwapo gharama ya ziada ya mbegu ya kwanza ni sawa na thamani ya kilo 20 kwa ekari, basi masafa ya 9 hadi 81 yanathibitisha ongezeko bila kuthibitisha faida, na mkulima anastahili kuelezwa yote mawili kabla hajatoa fedha yake.