Utafiti wa Maoni Husomwa Kutoka Chini

Uchaguzi wa Kanada unapokaribia, takwimu mpya hutoka karibu kila siku, na msomaji mgeni hukimbilia kichwa cha habari: nani anaongoza, kwa alama ngapi. Mjuzi huanzia kwenye maandishi madogo ya chini, kama mnunuzi wa karafuu anayetumbukiza mkono hadi kitako cha gunia. Sheria ya uchaguzi ya huko inamsaidia. Wakati wa kampeni, anayetangaza utafiti mara ya kwanza lazima aeleze nani aliuagiza, nani aliufanya, lini, watu wangapi walifikiwa, na kiwango cha makosa kama kipo. Gazeti huongeza swali lenyewe, neno kwa neno. Utafiti usiokuwa na maelezo hayo usikupotezee muda.

Hilo “kama kipo” lina uzito wake. Watu 1,000 wakichaguliwa kwa nasibu, kiwango cha makosa huwa takriban alama 3 juu au chini, mara 19 kati ya 20. Lakini kampuni nyingi siku hizi huwauliza kwa intaneti watu waliojiandikisha wenyewe kujibu maswali, na hapo nasibu haipo. Kampuni ya Léger huandika kwamba sampuli ya nasibu ya ukubwa huo ingekuwa na kiwango fulani cha makosa. Napenda uangalifu wa namna hiyo. Sampuli ya intaneti si mbovu kwa kuwa ya intaneti. Muhimu ni jinsi majibu yalivyosawazishwa kwa umri, jinsia, mkoa na lugha.

Kisha tazama mikoa. Katika sampuli ya watu 1,000, mikoa minne ya pwani ya Atlantiki hupata watu kama 65 tu, na hapo kiwango cha makosa hufika alama 12 hivi. Habari kwamba chama fulani “kimepanda Atlantiki” kwa alama tano ni porojo. Québec ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho kali, maana Bloc Québécois husimamisha wagombea huko tu. Mwaka 2021 chama hicho kilipata asilimia 7.6 ya kura za nchi nzima na viti 32. Chama cha New Democratic kikapata asilimia 17.8 na viti 25.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kura hazigeuki viti kwa kugawanya tu. Mwaka 2019 chama cha Conservative kiliwashinda Liberal kwa kura, 34.3 kwa 33.1, lakini Liberal wakachukua viti 157 dhidi ya 121. Mwaka 2021 mambo yakajirudia: 33.7 kwa 32.6, viti 119 kwa 160. Conservative walikuwa wamerundika kura zao Alberta na Saskatchewan, ambako mgombea wao hushinda kwa maelfu mengi kuliko anavyohitaji, na kura ya ziada hainunui kiti cha pili. Kwa hiyo kukisia viti ni ufundi mwingine kabisa, wenye mafundi wake. Philippe J. Fournier wa 338Canada hutoa makisio ya kila jimbo la uchaguzi, akiweka kiwango cha chini na cha juu. Mkadiriaji anayekupa namba moja kavu, bila mapana, mwache.

Uchaguzi wa Aprili 2025 ulizipima fani zote mbili. Tafiti nyingi za mwisho ziliwaweka Liberal mbele kwa alama chache, nao wakashinda kwa 43.8 dhidi ya 41.3. Kazi safi. Wakadiriaji wengi wa viti, hata hivyo, waliwapa wingi kamili wa Bunge, nao wakaishia na 169, pungufu ya viti vitatu.

Je, tafiti za Januari mwaka ule, zilizowapa Conservative uongozi wa alama zaidi ya 20, zilikuwa mbovu? Sidhani. Swali huwa ni ungempigia nani uchaguzi ukifanyika leo. Baadaye waziri mkuu wa Liberal, Justin Trudeau, akang’atuka, Mark Carney akashika nafasi yake, Donald Trump akaendelea kutishia ushuru na kusema Kanada iwe jimbo la 51 la Marekani, na wafuasi wengi wa New Democratic wakahamia Liberal. Tarehe ya mahojiano ni sehemu ya matokeo.

Ila kuna dosari moja isiyoandikwa popote: kampuni kuchungulia namba za wenzake. Sampuli za kweli za nasibu lazima zitofautiane kwa alama mbili tatu. Wiki ya mwisho wote wakitoa namba zilezile, shuku. Na wote waweza kukosea pamoja: katika uchaguzi wa mkoa wa British Columbia, mwaka 2013, tafiti ziliwapa New Democratic ushindi hadi mwisho, na Liberal wa Christy Clark wakashinda. Pima kampuni kwa chaguzi kadhaa, usiisifu kwa bahati ya mara moja.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Siku ya kupiga kura hairuhusiwi kutangaza utafiti mpya katika jimbo la uchaguzi kabla vituo vyake vyote havijafungwa. Ukitumiwa wa namna hiyo kwenye simu asubuhi ya siku hiyo, usiusambaze.