Jasho la Shavuni Baada ya Upasuaji wa Tezi ya Mate: Ramani Kwanza, Sindano Baadaye

Tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio, ambayo wataalamu huiita parotidi, huondolewa mara nyingi kwa sababu ya uvimbe usio wa saratani, na miezi kadhaa baada ya kidonda kupona, pengine hata mwaka na zaidi, baadhi ya wagonjwa huanza kupata joto na kutokwa na jasho shavuni, upande uliopasuliwa, kila wanapokula. Hali hiyo huitwa sindromu ya Frey, kwa jina la Łucja Frey, daktari wa neva wa Poland aliyefafanua chanzo chake mwaka 1923 kutokana na askari aliyejeruhiwa kwa risasi kwenye tezi hiyo. Daktari huyo baadaye aliangamia katika mauaji ya Wayahudi mjini Lwów.

Chanzo chenyewe ni neva kuota mahali pasipo pake. Nyuzi zinazoiamuru tezi kutoa mate hukatwa wakati wa upasuaji, na zinapoota upya bila kuikuta tezi, hupenya hadi kwenye ngozi na kujiunga na tezi za jasho. Ingawa tezi za jasho huhudumiwa na mfumo mwingine wa neva, mifumo yote miwili hupeleka amri hapo kwa kemikali ileile, asetilikolini, hivyo amri iliyokusudiwa mate hutekelezwa kwa jasho. Kwa mgonjwa wa Ngujini, huko juu katika milima ya Upare, sahani ya makande huenda isimsumbue sana, lakini ndimu au ukwaju utamlowesha shavu, kwa kuwa uchachu huchochea mate kuliko ladha nyingi nyingine.

Ndimu hiyohiyo ndiyo chombo cha uchunguzi. Katika kipimo cha Minor, shavu hupakwa mchanganyiko wa iodini, spiriti na mafuta ya mbarika, huachwa likauke, kisha hunyunyiziwa unga wa wanga, na mgonjwa hupewa kitu kichachu atafune. Panapotoka jasho, iodini hukutana na wanga na kugeuka rangi ya buluu iliyokolea hadi weusi, ambayo huonekana hata kwenye ngozi nyeusi kwa sababu unga mweupe ndio usuli wake. Ni kipimo kisicho na gharama kubwa, na ubora wa tiba yote inayofuata hutegemea ramani hiyo kuliko wengi wanavyodhani.

Jasho likiwa dogo, dawa ya kupaka yenye kloridi ya alumini, ya jamii ileile ya dawa za kuzuia jasho la kwapa, hutosha. Krimu ya glikopirolati, inayoizuia asetilikolini isifanye kazi, ina nguvu zaidi, lakini ikifyonzwa mwilini huweza kukausha kinywa, na haimfai mwenye presha ya macho ya aina fulani au anayekojoa kwa shida.

Jasho likizidi, hutumika sumu ya botulini aina A, iliyoanza kuripotiwa kwa tatizo hili mwaka 1995. Sumu hiyo huikata protini inayoiwezesha neva kumwaga asetilikolini. Eneo lililogeuka rangi huchorwa miraba ya sentimita moja, na kila mraba hudungwa ndani ya ngozi dozi ndogo, mara nyingi karibu yuniti 2.5, kwa hiyo eneo la sentimita 20 za mraba hula yuniti 50, yaani nusu ya chupa ya yuniti 100. Sindano ikizama mno huweza kulegeza misuli ya uso. Nafuu mara nyingi huvuka mwaka, ila dawa ni ghali na huhifadhiwa kwenye baridi, jambo linaloifanya kuwa tiba ya hospitali kubwa, kama KCMC mjini Moshi, wala si ya zahanati ya mlimani.

Ndiyo maana hoja ya kuzuia tangu mezani pa upasuaji ina uzito zaidi huku: daktari akiacha ngozi na mafuta yake yakiwa manene, au akilaza kipande cha msuli wa shingo au cha utando wa misuli ya uso kati ya ngozi na pengo la tezi, nyuzi zinazoota hukuta kizuizi, japokuwa si kizuizi kamili. Kwa aliyekwisha kudungwa, kipimo cha Minor hurudiwa baada ya wiki chache, na miraba iliyobaki na weusi ndiyo pekee inayoongezewa dawa.