Mtunzi wa "Malaika"

Nyimbo za Kiswahili zilizovuka bahari ni chache, na katika hizo ni vigumu kutaja ulioenea kuliko "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliutia katika santuri pamoja na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba katika santuri yao ya mwaka 1965, na Boney M. wakaurudia mwaka 1981. Hata hivyo, swali la nani aliyeutunga halijapata jawabu moja.

Fadhili, aliyefariki mwaka 2001, alishikilia kwamba wimbo ni wake, na kwamba msichana aliyempenda aliolewa na mwingine kwa kuwa yeye hakuwa na mahari. Adam Salim, Mtanzania, alisema kwamba aliutunga Nairobi mwaka 1945, baada ya kumkosa mpenzi wake. Wapo waliomtaja Grant Charo pia. Aghalabu hadithi hizi hutazamwa kama ushahidi unaopingana. Lakini katika kiini chake hadithi za Fadhili na Salim zaafikiana: kijana alipenda, mali ikamshinda.

Msikilizaji wa Kigongo, kando ya Ghuba ya Mwanza, hahitaji kufasiriwa jambo hilo. Usukumani mahari imehesabiwa kwa ng'ombe tangu zamani, na kijana asiye na zizi ajua uchungu wake. Lakini msikilizaji huyo ana haki ya kuuliza swali jingine: mbona mtunzi hakujitaja? Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, manju hulitia jina lake ndani ya wimbo, akajisifu na kumkejeli mshindani. Atakayeuimba baadaye hulitamka na jina hilo.

"Malaika" hauna jina la mtunzi. Msemaji wake hajisifu, wala hamlaumu binti au wazazi. Akiri tu kushindwa. Hapo ndipo penye nguvu ya wimbo, kwa kuwa kila kijana maskini aweza kuuimba kama wake. Na hapo ndipo palipo na hasara ya mtunzi, maana kilicho rahisi kuimbwa na wote ni rahisi pia kudaiwa na wengi.

Isidhaniwe, basi, kwamba kwa kuwa shida ni ya wote, wimbo nao hauna mwenyewe. Shida haijitungi. Yuko aliyekaa akayapanga maneno yale machache na kuyatafutia sauti. Wimbo unaolalamikia ukosefu wa mali uliuzwa katika nchi nyingi, na waliosema ni wao wakazeeka wakidai haki yao. Manju hulindwa na wimbo wenyewe. Mtunzi wa "Malaika" alihitaji kulindwa na sheria na maandishi, navyo vilimchelewea.